Kisanduku cha Tatu

Benchi letu nililichomelea mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, kwa vipande vya bomba vilivyobaki kwenye kazi ya geti la mtu. Niliweka ubao juu yake nikalisimamisha kati ya mlango wa kinyozi na kibanda cha fundi redio, pale ukuta unapotoa kivuli mpaka saa sita. Linachukua watu wanne wakibanana. Mguu mmoja ulinitoka mfupi kidogo, na anayekaa upande ule lazima ashike kikombe kwa mikono miwili. Upande ule ndio wangu. Wenzangu waliamua hivyo siku ya kwanza, kwamba aliyeharibu akalie uharibifu wake, na mimi sikubisha.

Tuko wanne. Kinyozi ana duka lenye kiti kimoja na kioo chenye ufa, na kwa kuwa anashika vichwa vya watu kutwa nzima, anaamini anajua kila kilichomo mwilini. Betri anatengeneza redio na, akibahatika, feni. Stempu alifanya kazi posta miaka thelathini na moja, dirisha namba mbili. Amestaafu, lakini bado anatia kalamu mfukoni na bado anamtazama kila mtu kana kwamba hajajaza karatasi zake vizuri. Mimi wananiita Cheche, kwa sababu ya kuchomelea vyuma, ingawa cheche ya mwisho niliirusha mwaka juzi, wiki ile nilipomzika mke wangu. Wa tano ni Mama Buli, anayetuuzia kahawa. Yeye hakai. Anasimama karibu na jiko lake la mkaa, anatusikia bila kutusikiliza.

Kijiwe chetu kina sheria moja: anayeleta hoja anafunga mdomo. Anaiweka hoja yake pale, wenzake wanaijadili raundi mbili za kahawa, na yeye anazungumza raundi ya tatu, wa mwisho. Ilitungwa kwa ajili ya Betri, ambaye zamani alikuwa analeta hoja na kuizungumza peke yake mpaka kahawa inapoa. Mama Buli ndiye msimamizi. Ukifungua mdomo kabla ya zamu yako, anakupita bila kukujazia kikombe. Kuna nyingine pia ambayo hakuna aliyeitamka, kwamba mambo ya ndani ya nyumba hayaletwi benchini. Zote mbili ni nzuri kwa habari za mpira na bei ya saruji. Siku ninayoisimulia niligundua kwamba hazimfai mtu mwenye shida.

Shida yangu ni nyonga ya kulia. Ilianza mwaka jana kuniuma kwenye ngazi, halafu kwenye kuvaa viatu, halafu hata nikiwa nimejinyoosha tu kitandani. Nilipigwa eksirei mara mbili, na mara zote mbili mfupa ukaonekana mzima. Daktari, kijana mpole, alinieleza kwamba eksirei huchelewa. Mfupa wa nyonga unaweza kukosa damu ukawa unakufa taratibu kwa ndani, na picha ya kawaida isione lolote kwa miezi. Kinachoona mapema ni MRI, mashine ya sumaku, ambayo inaonyesha mfupa kwa ndani, gegedu, na hata maji yaliyojaa kwenye kiungo. Tukiwahi, alisema, huenda tukauokoa. Tukichelewa, kichwa cha mfupa kitabomoka, na hapo tutaongea habari ya kukiondoa na kukuwekea nyonga ya bandia. Nilingoja miezi minne kupata tarehe. Tarehe yenyewe ilikuwa kesho ya siku hii ninayoisimulia, saa mbili asubuhi.

Walinipa na fomu ya maswali kumi na manne, niende nayo imejazwa. Kumi na matatu niliyajibu kwa dakika tano. Swali la tisa nililitazama siku tatu. Nililitazama mezani, nikalitazama nikipika, nikaliweka juu ya mto upande ambao siku hizi haulali mtu. Siku ya nne nikaona nilipeleke benchini, maana sina pengine.

Nilifika saa nne, nikachechemea mpaka kwenye upande wangu, nikakaa. Nikawaambia:

– Nina hoja. Kesho naingia kwenye mashine ya sumaku. Fomu ndiyo hii. Swali la tisa limenishinda.

Nikafunga mdomo, kama sheria inavyotaka. Mama Buli akamimina raundi ya kwanza.

Stempu aliichukua fomu kama anapokea barua ya rejista. Akavaa miwani, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akairudisha mbele, akaanza kutusomea kwa sauti ile ya dirisha namba mbili. Je, una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Hapana. Je, umewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa. Hapana. Je, una mimba.

– Hapo amejibu nini? Kinyozi akauliza.

– Amejibu hapana.

– Mwambie asiwe na haraka ya kujibu. Tumbo hilo nimelitilia shaka muda mrefu.

Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Kidogo nikajisikia nafuu. Stempu akaendelea mpaka la nane, lile linalouliza kama una kipande cha risasi au bomu mwilini. Hapo Kinyozi akadandia, kwamba ana mteja aliyewahi kupigwa risasi ya paja, na Betri akasema huyo mteja ni mwongo, alichomwa na msumari. Lilipopoa hilo, Stempu alikuwa ameshaikunja fomu na kuiweka chini ya kisahani chake.

– Na la tisa? Mama Buli akauliza kutoka kwenye jiko lake.

– Taratibu, Betri akasema. – Hatuwezi kulirukia la tisa kabla hatujaielewa mashine yenyewe. Mtu akiniletea redio siulizi kwanza inashika stesheni gani. Naifungua.

Wote wakaona ni neno la maana. Wakaifungua mashine.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisema kuna mtu, jirani wa mteja wake, alisahau funguo mfukoni akaingia nazo. Mashine ikamvuta mfuko, mfuko ukavuta suruali, na wauguzi wakamkuta amening'inia kwa kiuno akiomba radhi. Walizima umeme wa mtaa mzima ndipo akashuka. Nikatamani kuuliza jina la mtaa. Nikanywa kahawa yangu kwa mikono miwili.

Betri akasema hayo ni ya kitoto. Yeye anazijua sumaku, amefungua spika zaidi ya elfu moja. Ile mashine, kwa maelezo yake, ni spika kubwa tu iliyokosa wimbo. Ndiyo maana inagonga gonga. Mgonjwa analala ndani ya koo la spika, inampigia kelele mpaka mifupa inaitika, na daktari upande wa pili anasikiliza mfupa upi haujaitika. Huo ndio mgonjwa.

– Sasa kwa nini wanatoa picha, isitoke sauti? Stempu akauliza.

– Sauti wanabaki nayo wenyewe. Wewe wanakupa picha uende nayo nyumbani.

Stempu hakuridhika, lakini yeye haridhiki na lolote lisilo na mhuri. Mama Buli akamimina raundi ya pili. Ubao ule ulikuwa umeshaanza kunichoma nyonga, nikahamishia uzito upande wa pili, bomba likalia. Hakuna aliyegeuka. Bomba lile linalia kila siku.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amekuja kuchukua redio yake. Tulikuwa hatujawahi kumwona. Betri alimwambia iko tayari, bado waya mmoja tu, na sote tunajua maana ya waya mmoja tu. Akamvutia kreti, mwanamke akakaa pembeni ya benchi, mkoba mapajani, kwa adabu ya mgeni. Mama Buli akampa kikombe.

Raundi ya pili ndiyo huwa mbaya. Kinyozi akakumbuka kwamba damu ina chuma, hata zahanati wanakupima na kukwambia chuma chako kimeshuka. Basi, akasema, mwenye chuma kingi mashine inamwinua. Anaelea. Wapo waliogonga dari. Ndiyo maana watu wa hospitali wanakuuliza uzito wako, siyo kwamba wanajali umenenepa, wanataka kujua watumie mikanda mingapi.

– Cheche ataelea, akasema. – Miaka thelathini amekuwa akivuta vumbi la chuma. Huyu siyo mtu tena, ni geti.

Wakacheka. Safari hii sikucheka. Geti hilo lilikuwa limevaa soksi asubuhi ile kwa robo saa, limekaa sakafuni, likiuvuta mguu kwa mkanda.

Betri akangoja kicheko kiishe. Akashusha sauti, jambo analofanya anapotaka aaminiwe, akatukumbusha kanda zake. Zamani alikuwa na kanda za kaseti sitini, muziki wote wa ujana wake. Siku moja aliziweka juu ya spika kubwa bila kifuniko, akaenda kula. Aliporudi zilikuwa tupu. Siyo kwamba ziliharibika, ukizitazama ni nzima kabisa. Ila ukizicheza unasikia upepo.

– Sumaku ile ilikuwa kama sahani ya chai. Sasa fikiria ya ukubwa wa chumba. Unadhani kichwa cha mtu ni nini kama si kanda? Mtu anaingia na kumbukumbu zake, anatoka mfupa umeonekana na kichwa ni upepo. Hawakwambii, kwa sababu ukitoka hujui ulichopoteza. Huwezi kulalamika.

Najua ni upuuzi. Nilijua hata wakati ule anausema. Lakini nitasema ukweli, nilishikwa na hofu ambayo sikuipata kwa daktari wala kwa fomu. Sauti ya mke wangu ninayo kichwani tu. Hatukuwahi kumrekodi, nani hurekodi mtu anayemwona kila siku? Anavyosema chakula kipo, anavyoniita kutoka uani kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita, hayo yote yako kwangu peke yangu, na mara nyingine nayajaribu asubuhi kuona kama bado yapo. Nikafungua mdomo.

– Betri, nikasema.

Mama Buli alikuwa ananyanyua buli. Akanipita, akamjazia Stempu.

– Sheria, akasema, ila hakunitazama usoni.

Stempu naye akatoa maoni yake, na akayatoa kwa uzito wote wa pensheni yake. Alisema sisi wote hatujui ofisi. Mashine si kitu, kitu ni fomu. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kuona ofisi inayosoma majibu. Ofisi inatazama kama visanduku vimejaa. Kisanduku kitupu kinarudisha karatasi, na karatasi ikirudi unaanza upya, miezi minne mingine. Kisanduku chenye uongo kinapita kama vingine.

– Kwa hiyo swali la tisa, lolote liwalo, aweke hapana, akamaliza. – Ameweka hapana kumi na tatu, akiweka ndiyo moja watashtuka. Wataanza kumchunguza.

– Hapo umesema, Kinyozi akakubali.

– Aweke hapana, Betri naye akasema.

Hawajawahi kukubaliana watatu kwa jambo lolote tangu nilipochomelea benchi lile. Stempu akaitoa fomu chini ya kisahani, ilikuwa na duara la kahawa, akanipa pamoja na kalamu yake. Nikaishika. Nikaiweka ncha ya kalamu juu ya kisanduku cha hapana.

Mwanamke wa redio akaweka kikombe chini.

– Samahani, naomba kuuliza, akasema. – Hilo swali la tisa lenyewe linasemaje?

Kinyozi akamtazama Betri. Betri akamtazama Stempu. Stempu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Raundi mbili za kahawa zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelisoma.

Stempu akainyoosha shingo, akalisoma kutoka mkononi mwangu, safari hii bila sauti ya dirisha.

– Je, umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni. Kama ndiyo, je, kilitoka chote.

Mama Buli akaja na buli, akanijazia kikombe mpaka juu.

– Raundi ya tatu, akasema. – Sema, kaka.

Nikasema. Sikuwahi kuwaambia, kwa sababu lilikuwa jambo la nyumbani kwangu. Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa. Nilikuwa nasaga kiungo cha ngazi ya chuma, miwani ya kukinga nimeiweka kichwani badala ya machoni, kama tunavyofanya tukiwa vijana. Kipande kikaniingia jicho la kulia. Hospitali ilikuwa mbali na kazi ilikuwa ya kukabidhi kesho yake. Nikaenda nyumbani nimelifunika kwa kiganja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, ya binti yetu. Alinikalisha kizingitini penye mwanga, akasimama mbele yangu, tumbo likinigusa kifua. Akaigeuza kope kwa kidole, akachukua ncha ya kitambaa safi akailowesha. Sikuona chochote, jicho lilikuwa maji matupu. Nilisikia pumzi yake tu. Alikaa juu ya jicho langu muda mrefu. Halafu akasema: Kimetoka. Fumba jicho, upumzike. Nikafumba. Nilipoamka alikuwa ameshafua kile kitambaa na kukianika.

– Jicho likapona? Kinyozi akauliza.

– Likapona. Ila penye upepo linatoa machozi mpaka leo.

Kinyozi akalitazama jicho langu. Nadhani alikumbuka matanga ya mke wangu, jinsi walivyonikuta nje nikitokwa na machozi upande mmoja, nikawaambia ni upepo, na hawakuniamini. Ulikuwa upepo kweli. Upande wa pili, ule mkavu, ndio uliokuwa unalia.

– Basi jibu unalo, Betri akasema. – Kiliingia, kikatoka. Shemeji alisema kimetoka. Shemeji hakuwa mtu wa uongo.

– Hakuwa, Stempu akasema.

Mwanamke wa redio akanigeukia. Aliuliza polepole, kama anayeuliza njia.

– Wewe mwenyewe ulikiona, baba?

– Sikukiona.

– Alikuonyesha kwenye kitambaa?

– Hakunionyesha. Sikumwomba.

– Sasa nani anajua kama kilitoka chote?

Nilitazama chini, kwenye kikombe. Nikasikia mkasi wa Kinyozi ukigonga mfukoni mwake. Watu hawa wana jibu la kwa nini mwezi haudondoki. Walikuwa na majibu asubuhi nzima, na pale walikaa wametazama barabara, wote watatu.

Aliyejibu ni Mama Buli. Alisema kwa sauti ya chini, akiyatazama makaa yake.

– Mimi ningesema kimetoka. Mume anaumia, mimba inanielemea, hospitali mbali. Hata kama bado kingekuwemo, ningemwambia kimetoka, ili atulie. Siyo uongo. Ni kumtuliza tu.

Hilo ndilo nililokuwa nimelitazama kwa siku tatu bila kulisema. Nilijua kwamba mke wangu amekufa. Niliwahesabu waliombeba, nilimtupia udongo kwa mikono hii. Lakini nilikuwa sijajua kwamba amekufa na majibu yangu. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kulitazama jicho langu kwa karibu kiasi kile. Nilikaa naye miaka thelathini mingine baada ya siku ile, mezani, kitandani, kwenye foleni za kila aina, na sikuwahi kumuuliza swali la maneno mawili. Hakukuwa na haja. Alikuwepo.

– Nilimpigia binti yangu, nikawaambia. – Anaishi mbali. Akasema, baba, mimi nilikuwa tumboni.

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye mwenyewe aliponiambia kwenye simu tulicheka, halafu salio likaisha.

Mwanamke wa redio akavuta kreti karibu. Akasema ana kaka yake anayekereza vyuma, aliyetakiwa kupimwa goti kwa mashine hiyohiyo. Naye hakuwa na uhakika. Aliwaambia hivyo hivyo, sina uhakika, na hakuna aliyemfukuza wala kumrudisha mwisho wa foleni. Walimpiga kwanza eksirei ya macho, haikuchukua muda, wakaona hakuna kitu, akaingia siku ileile. Wanachokiogopa, walimwambia, ni fundi anayeandika hapana kwa sababu amechoka kungoja.

– Kikiwa bado kimo, ile sumaku inaweza kukisogeza, akasema. – Na jicho halina pa kukipisha. Mtu anaweza kuingia na nyonga mbovu akatoka bila jicho.

Kinyozi alijaribu kusema jambo kuhusu jicho la mteja wake mmoja, akaliacha njiani. Stempu alikuwa anaitazama kalamu yake mkononi mwangu. Kwa muda wa raundi nzima alikuwa ananihimiza niingie gizani ili karatasi isirudi, na naamini lilimwingia pale. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

– Lakini hakuna pa kuandika, nikamwambia. – Kuna ndiyo na kuna hapana. Vimewekwa viwili tu.

Stempu akaichukua fomu. Akaiweka kwenye goti, akalaza kitambulisho chake cha ustaafu juu yake kiwe rula. Miaka thelathini na moja mtu huyu alikuwa anawarudishia watu karatasi kwa kuandika nje ya mstari, hata vikongwe, hata mimi aliwahi kunirudishia. Akachora kisanduku cha tatu kando ya vile viwili, ukubwa uleule, pembe zote nne sawasawa. Pembeni yake akaandika, kwa mwandiko mzuri wa posta, sijui. Akanirudishia kalamu bila kunitazama.

– Tia alama, akasema. – Wakiuliza nani amechora, sema dirisha namba mbili.

Nikatia alama.

Baada ya hapo kijiwe kikaanza kuvunjika. Kinyozi alipata mteja, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza hatukumsikia akimhutubia. Betri aliumalizia ule waya mmoja kwa dakika tatu, kumbe inawezekana. Mwanamke akaichukua redio yake, akaniambia pole, baba, na kila la heri kesho, akavuka barabara. Hatukumuuliza hata anaitwa nani. Stempu alikaa kidogo, akasema kesho saa mbili ana miadi ya kwenda kushughulikia pensheni, la sivyo angenisindikiza. Nikamwambia si kitu, naijua njia. Miadi ya pensheni huwa haianzi kabla ya saa tatu, na yeye alijua kwamba naijua ofisi ile. Sikumlaumu. Hatujawahi kwenda popote pamoja, sisi. Tunakaa tu.

Kivuli kilikuwa kimesharudi mpaka kwenye mguu mfupi wa benchi. Mama Buli akalipindua buli juu ya makaa, yakafuka majivu. Kahawa imekwisha, akasema, ingawa nilikuwa peke yangu niliyebaki wa kuambiwa. Akakusanya vikombe, akasimama mbele yangu kuchukua changu.

– Kesho wakishaliona hilo jicho, utakuja kutuambia?

– Nitakuja.

Nitakuja kweli, maana watakuwa wameshaanza kubishana. Nitaweka hoja, nitafunga mdomo, nitangoja raundi ya tatu. Lakini kabla ya hapo nitakuwa nimetoka kwenye chumba cha picha nikiwa najua, baada ya miaka thelathini na miwili, kama kile kipande kilitoka au mke wangu alinituliza tu. Na kwa lolote nitakaloambiwa, wa kwanza ambaye ningetaka kurudi nyumbani nimwambie ni yeye.